Kuhesabiana, kupiga marufuku au kuacha kwa hiari: njia ipi ya kupunguza silaha za nyuklia tuiunge mkono?

Mwanafunzi wa kidato cha tano aliyekuwa anajiandaa kwa mdahalo alinifuata na daftari lake mkononi. "Shikamoo, Mwalimu. Upande wetu unasema silaha za nyuklia zipunguzwe. Tukiulizwa zipunguzwe vipi, tujibu nini?" Nilimjibu harakaharaka, kisha usiku nikaona nimemjibu ovyo. Njia zipo, zimeshajaribiwa, na hazifanani hata kidogo. Ipo iliyoteketeza maelfu ya makombora, na ipo ambayo haijagusa hata kombora moja ila imewapa sauti watu ambao hawakuwahi kuulizwa. Nimeziweka hapa ubavu kwa ubavu, ili yeye na yeyote anayetaka kuchagua upande achague akijua anachokichagua.

Tuanze na ghala lenyewe. Taasisi ya utafiti wa amani ya Stockholm, SIPRI, ilikadiria kwamba Januari 2025 dunia ilikuwa na vichwa vya nyuklia, yaani mabomu yenyewe, 12,241. Urusi ilikuwa na 5,459 na Marekani 5,177, yaani nchi mbili peke yao zinamiliki karibu tisa katika kila kumi. China ilikuwa na 600, Ufaransa 290, Uingereza 225, India 180, Pakistan 170, Israel 90 na Korea Kaskazini kama 50. Vichwa vipatavyo 3,900 vilikuwa tayari kwenye makombora au kwenye kambi za ndege za kivita, na kati ya hivyo kama 2,100 vilikuwa katika hali ya kurushwa ndani ya muda mfupi mno baada ya amri.

Idadi hiyo inatisha, lakini mwaka 1986 ilikuwa kama 70,000. Kwa hiyo anayesimama kwenye mdahalo na kudai kwamba silaha hizi hazipunguziki, mwambieni zimeshapungua kwa zaidi ya asilimia 80. Kinachobaki ni kujua zilipunguzwa na nini.

Kipimo changu katika ulinganisho huu ni methali ambayo kila muuza duka anaijua: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila njia nitaiuliza daftari lake liko wapi, na ni nani anayeruhusiwa kulifungua.

Kuhesabiana

Hii ni njia ya mikataba kati ya Marekani na Urusi. Kabla yake ilitangulia miaka ya mikataba iliyoweka kikomo tu, lakini mkataba ulioteketeza silaha ulisainiwa na Ronald Reagan wa Marekani na Mikhail Gorbachev wa Umoja wa Kisovieti mjini Washington tarehe 8 Desemba 1987. Ulihusu makombora ya nchi kavu ya masafa ya kati na mafupi, yale ambayo yangeweza kuifikia miji ya Ulaya kwa dakika chache. Kufikia Juni 1991 yalikuwa yameharibiwa makombora 2,692: ya Kisovieti 1,846 na ya Kimarekani 846. Reagan alipenda kurudia methali ya Kirusi isemayo amini, lakini hakiki. Ni ndugu wa methali yetu ya daftari.

Uhakiki wenyewe ulifanyika hivi. Huko Votkinsk, mji wenye kiwanda cha makombora katika Umoja wa Kisovieti, Wamarekani wasiozidi 30 waliruhusiwa kukaa langoni mwa kiwanda. Si kwa ziara ya siku mbili. Zamu hiyo iliendelea miaka 13, wakibadilishana, wakiangalia kila behewa refu la kutosha kubeba kombora linapotoka. Warusi nao walikaa vivyo hivyo langoni mwa kiwanda cha Magna, Utah. Hebu wafikirie watu hao, maadui kwa hesabu ya serikali zao, wakila chakula cha mji uleule, wakisimama kwenye theluji ileile na karatasi mkononi, wakihesabu mabehewa.

Mkataba uliofuata, START wa 1991, uligusa silaha kubwa zaidi, yaani makombora ya kuvuka mabara na ndege za masafa marefu. Katika jangwa la Arizona, kwenye kambi ya Davis-Monthan, ndege za B-52 zaidi ya 300 zilikatwakatwa. Winchi iliinua kisu cha chuma chenye uzito wa karibu tani 6 na kukiachia juu ya mwili wa ndege, kishindo kimoja baada ya kingine, mpaka ndege ikawa vipande vitano. Halafu vipande vile viliachwa pale pale juani kwa siku 90, bila kufunikwa, ili setilaiti za upande wa pili zipite juu na kuviona. Sijawahi kukutana na maelezo mazuri kuliko hayo ya maana ya kuaminiana kati ya watu wasiopendana: unaharibu cha kwako, kisha unakiacha wazi mwenzako akione.

Kitu kingine kilichozaliwa na zama hizo hakizungumzwi vya kutosha. Kwa makubaliano ya mwaka 1993, Urusi ilichukua tani 500 za urani iliyorutubishwa kwa ajili ya mabomu, ikaipunguza makali na kuiuzia Marekani kama nishati ya vinu. Kazi hiyo iliendelea hadi 2013. Urani hiyo ingetosha vichwa 20,000 hivi, na kwa miaka mingi sehemu ya kumi ya umeme wa Marekani ilitokana nayo. Watu walipikia na kusomea kwa mabomu yaliyolengwa miji yao.

Wa mwisho katika ukoo huu ni New START, uliosainiwa Prague tarehe 8 Aprili 2010. Kila upande ulifungwa na kikomo cha vichwa 1,550 vilivyo tayari na vyombo 700 vya kuvirusha, pamoja na ukaguzi wa kambini usiozidi mara 18 kwa mwaka. Mkaguzi alifika, akachagua kombora, wenyeji wakafungua ncha yake huku vilivyomo vimefunikwa ili siri ya umbo isitoke, naye akahesabu. Wenyeji wakidai kimojawapo si cha nyuklia, aliruhusiwa kukipima kwa kifaa cha kutambua nyutroni.

Kwa upande wa daftari, basi, njia hii haina mshindani. Lakini ina kasoro tatu ambazo mtetezi wake hapaswi kuzificha.

Ya kwanza ni kwamba daftari ni la watu wawili. China haimo, na SIPRI iliona makadirio ya vichwa vya China yakipanda kutoka 500 hadi 600 kwa mwaka mmoja tu, Januari 2024 hadi Januari 2025. Ya pili, New START haukuhesabu vichwa vilivyolala ghalani wala silaha ndogo za uwanja wa vita. Ya tatu ndiyo inayouma: wenye daftari wakigombana, daftari linafungwa. Mkataba wa 1987 ulikufa tarehe 2 Agosti 2019, Marekani ikijitoa baada ya kuituhumu Urusi kwa kuunda kombora lililokatazwa. Ukaguzi wa New START ulisimama Machi 2020 kwa sababu ya Korona na haukurudi. Februari 2023 Urusi ikasimamisha ushiriki wake. Na muda wenyewe, ambao ungeweza kuongezwa mara moja tu na ukaongezwa mwaka 2021, ukomo wake uliwekwa tarehe 5 Februari 2026.

Na sisi wengine, je? Katika mazungumzo hayo yote hatuna kiti. Tunasubiri habari.

Kupiga marufuku

Tarehe 7 Julai 2017, katika Umoja wa Mataifa mjini New York, nchi 122 zilipiga kura ya ndiyo kupitisha Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia. Uholanzi peke yake ilisema hapana, Singapore haikufungamana na upande. Nchi tisa zenye mabomu hazikuingia hata ukumbini. Mkataba ulianza kutumika tarehe 22 Januari 2021, na sasa una nchi wanachama zaidi ya 70.

Unakataza kila kitu: kutengeneza, kumiliki, kufanya majaribio, kupokea silaha za mwingine kwenye ardhi yako, na hata kutishia kuzitumia. Neno hilo la kutishia ndilo zito, kwa sababu sera nzima ya nyuklia ya wakubwa imejengwa juu ya kutishiana.

Mizizi ya mkataba huu iko kwa watu walioungua. Bomu la Hiroshima la tarehe 6 Agosti 1945 liliua watu wapatao 140,000 kufikia mwisho wa mwaka ule. Manusura wake, wanaoitwa hibakusha, walitumia maisha yao yote wakionyesha makovu yao mbele ya wageni, jambo ambalo hakuna mzee angependa kulifanya, na mwaka 2024 shirika lao, Nihon Hidankyo, lilipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Ibara ya 6 ya mkataba inazitaka nchi ziwahudumie walioathiriwa na matumizi au majaribio ya silaha hizi na kusafisha mazingira yaliyochafuliwa. Katika mikataba ya Marekani na Urusi hutalipata neno mwathirika.

Hapa sisi wa Kiswahili tuna jambo letu. Sehemu kubwa ya urani ya mpango uliotengeneza bomu lile ilitoka Shinkolobwe, Katanga, karibu na mji wa Likasi. Mawe ya mgodi ule yalikuwa na urani kwa kiwango cha hadi asilimia 65, wakati penginepo mara nyingi hakikufika hata asilimia 1. Mwaka 1940, mkuu wa kampuni ya Kibelgiji iliyomiliki mgodi alihamishia New York zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo na kuyahifadhi ghalani Staten Island, na miaka miwili baadaye jeshi la Marekani likayanunua. Waliochimba na kuyachambua mawe yale walikuwa Wakongo, na hakuna aliyewaambia wanashika nini. Wajukuu wao leo wanaongea Kiswahili, kile cha Likasi na Lubumbashi. Ibara ya 6 niliyoisifu haiwataji wao: inazungumzia matumizi na majaribio, haizungumzii uchimbaji. Kwangu hilo ni pengo la kweli, na naona nchi iliyo ndani ya mkataba ndiyo yenye haki ya kulisemea. Kongo iko ndani: ilisaini siku ya kwanza, 20 Septemba 2017, ikaridhia Septemba 2022.

Sasa kipimo. Daftari la marufuku liko wapi? Karibu halina kitu. Hakuna kichwa hata kimoja kilichovunjwa kwa sababu ya mkataba huu. Mwenye bomu akiamua kujiunga, kuna utaratibu wa kupanga muda na kuteua chombo cha kuhakiki, lakini chombo chenyewe kimeachwa kije kuteuliwa baadaye. Watetezi wake hujibu kwamba kazi ya kwanza ya marufuku ni kuitia silaha aibu, kama yalivyofanywa mabomu ya kutegwa ardhini kwa mkataba wa Ottawa wa 1997. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa aibu ile iliwagusa hata wasiosaini. Lakini mwaka 2025 nchi kadhaa za Ulaya zinazopakana na Urusi zilitangaza kujitoa Ottawa. Aibu hupungua hofu inapoongezeka, na anayeutetea mkataba huu awe tayari kuulizwa hilo.

Kuacha kwa hiari

Njia ya tatu haihitaji mkataba. Mwenye silaha anaamua mwenyewe.

Tarehe 27 Septemba 1991, George H. W. Bush alitangaza kwamba Marekani inaondoa silaha zake za nyuklia za masafa mafupi zilizokuwa nchi kavu ng'ambo na kwenye meli za juu ya maji. Siku nane baadaye Gorbachev akajibu kwa hatua za namna hiyohiyo. Maelfu ya silaha yaliondolewa kwa kasi ambayo wanadiplomasia wa mezani hawajawahi kuifikia. Ukitaka wepesi, njia hii inazishinda zote.

Lakini hakuna aliyehesabu. Zaidi ya miaka 30 imepita na silaha za uwanja wa vita za Urusi bado zinatajwa kwa makadirio, mara 1,000, mara 2,000, kwa kuwa hapakuwekwa mkaguzi hata mmoja.

Afrika Kusini ilifanya vizuri zaidi. Ilikuwa imeunda mabomu sita, ikayavunja, ikajiunga na NPT, mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, mwaka 1991, na tarehe 24 Machi 1993 Rais F. W. de Klerk akalitangazia bunge. Kisha ikawafungulia milango wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki wafuatilie kumbukumbu na urani yenyewe. Ndiyo nchi pekee iliyojitengenezea mabomu ikayaacha. Sababu zake hazikuwa safi zote. Utawala wa makaburu ulikuwa unaondoka na haukutaka kuyarithisha. Hata hivyo yalivunjwa, na daftari lilifunguliwa.

Ukraine ndiyo mfano mgumu, na kwenye mdahalo lazima utatupiwa. Baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika ilibaki na vichwa vya masafa marefu vipatavyo 1,900. Desemba 1994 mjini Budapest, Urusi, Marekani na Uingereza ziliahidi kwa maandishi kuiheshimu mipaka yake, na kufikia katikati ya 1996 vichwa vyote vilikuwa vimepelekwa Urusi. Mwaka 2014 Urusi ikachukua Crimea, na 2022 ikavamia nchi nzima. Wapo wanaosema funzo ni moja tu, usiachie bomu. Mimi nawakumbusha kwamba mamlaka ya kuyarusha yalikuwa Moscow, si Kyiv; Ukraine ilikuwa na chuma isichoweza kukitumia. Kilichokosekana Budapest ni namna ya kumwajibisha atakayevunja ahadi. Lakini sitamlaumu Mwukraine anayenijibu kwa hasira.

Na wanaotaka zibaki zilivyo

Wanasema mataifa makubwa hayajapigana ana kwa ana tangu 1945 kwa sababu kila mmoja anamwogopa mwenzake. Siwezi kuthibitisha kwamba ni uongo. Naweza kusimulia usiku wa 26 Septemba 1983.

Luteni Kanali Stanislav Petrov alikuwa zamu katika kituo cha tahadhari kusini mwa Moscow. King'ora kikalia: kombora limerushwa kutoka Marekani. Likafuata la pili, la tatu, la nne, la tano. Kazi yake ilikuwa kuripoti kwa wakubwa, ambao wangekuwa na dakika chache za kuamua. Akawaza kwamba anayeanzisha vita vya namna ile hawezi kurusha matano tu, akaripoti kuwa mtambo una hitilafu. Baadaye ikajulikana kwamba setilaiti ilidanganywa na mwanga wa jua uliopiga mawinguni. Amani inayosifiwa usiku ule ilishikwa na mtu mmoja aliyeamua kutoiamini mashine yake. Sera yoyote inayomhitaji Petrov kila zamu, kwa miaka 80 na mingine 80, sioni namna ya kuiita salama.

Uchague ipi

Ikiwa unachotaka ni vichwa vipungue ndani ya muda unaoweza kuuona, chagua kuhesabiana. Dai hata kabla ya mkataba mpya: kikomo cha 1,550 kiheshimiwe, wakaguzi warudi makambini, na China iingizwe polepole, ikianza na mambo madogo kama kutoa taarifa kabla ya kurusha kombora la majaribio. Hakuna njia nyingine iliyowahi kuvunja silaha nyingi hivyo mbele ya macho ya mwingine.

Ikiwa wewe ni raia wa nchi isiyo na bomu na unauliza mkono wako ufanye nini, ni marufuku. Ndiyo karatasi pekee kati ya hizi ambayo saini ya Komoro, iliyoridhia mwaka 2021, ina uzito sawa na ya nchi yoyote. Tanzania ilisaini Septemba 2019. Kenya ilipiga kura ya ndiyo mwaka 2017, lakini kura ya ukumbini si saini, na saini si kuridhia. Hilo ni swali la kumuuliza mbunge wako, kwa adabu na kwa kurudia. Na msione kwamba mkono mdogo haufungi mkataba: ule wa Pelindaba, ulioifanya Afrika yote kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, ulisubiri nchi ya 28 kwa miaka 13, na iliyoukamilisha Julai 2009 ilikuwa Burundi.

Kuacha kwa hiari nisingekuchagulia kama njia ya peke yake. Ni mlango mzuri wa kuanzia, mradi mkaguzi aingie nyuma yako.

Mwanafunzi wangu aliporudi aliyasoma haya, akatikisa kichwa. "Mwalimu, kwa hiyo kuhesabu ni kwa wakubwa, sisi ni kwa kusaini tu?" Nikafurahi kuulizwa, maana jibu ni hapana. Upo mkataba wa mwaka 1996 wa kukataza majaribio yote ya nyuklia. Haujaanza kutumika rasmi. Unahitaji nchi 44 zilizotajwa kwa majina, Marekani haijauridhia, na Urusi iliondoa ridhaa yake mwaka 2023. Kongo ni mojawapo ya hizo 44, kwa sababu ya kinu chake cha utafiti cha Kinshasa, na iliridhia mwaka 2004. Lakini mitambo ya mkataba huo ya kusikiliza dunia inafanya kazi. Kilimambogo, Kenya, kipo kituo cha kupima mitetemo ya ardhi, na Nairobi kimoja cha kunasa mawimbi ya hewa yasiyosikika kwa sikio. Dar es Salaam kuna cha kunusa hewa. Pampu inavuta hewa kupitia kichujio kwa saa 24, kichujio kinaachwa kipoe siku nzima, kisha kinawekwa kwenye kipimo siku nyingine nzima kutafuta chembe za mionzi ambazo mlipuko wa bomu huziacha, na matokeo yanapelekwa Vienna.

"Hapa hapa Dar?" akauliza.

"Hapa hapa."

Akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe juu, akaniomba nirudie jina la Kilimambogo ili aliandike vizuri.